Kishikio cha Kambo

Watu wa mtaa ule walimwita Bi Taa, na kama jina lile alipewa kwa heshima au kwa utani, hilo halikumsumbua. Taa ndiyo iliyokuwa kazi yake. Tangu aolewe alikuwa mshika taa wa mumewe mpiga picha, katika chumba cha mbele cha nyumba yao walichokigeuza studio: pazia la kijivu ukutani, stuli ya mbao isiyo na mgongo, taa yenye mwavuli mweupe, na kioo cha kuchania nywele kilichotundikwa chini kidogo ili hata watoto wajione. Taa ile ilikuwa na stendi yake, lakini stendi haina akili. Stendi haijui kwamba mama huyu ana kovu shavuni asilolipenda, wala kwamba bwana yule ukimmulika kutoka nyuma anageuka kuwa masikio matupu. Bi Taa alijua. Kwa hiyo taa aliishika mwenyewe, akasimama upande wa kulia wa mumewe, na baina yao maneno yalikuwa machache kama ya watu wanaokula pamoja.

Mumewe naye aliitwa Mzee Tega, na jina hilo alipewa na watoto. Wapiga picha wengine humwambia mtu acheke, na mtu akiambiwa acheke hutoa meno kama yuko kwa daktari. Mzee Tega hakumwambia mtu acheke. Alimtegea kitendawili. Mtoto akishapanda juu ya stuli, Mzee alisema kitendawili, mtoto akajibu tega, naye akatega: ana mgeni hajawahi kubisha hodi, na akishaingia hakuna anayemwonyesha pa kukaa. Basi mtoto angekunja kipaji, akatazama dari, midomo ikaachana kidogo, jibu likamjia karibu bila kufika, na hapo ndipo kidole cha Mzee kilipobonyeza. Mwenyewe alisema uso wa mtu hauwi mzuri akishajua. Huwa mzuri akiwa anakaribia kujua. Picha ikishapigwa na mtoto akikubali ameshindwa, Mzee alidai mji, akapewa, ndipo akataja jibu lake, mwanga wa asubuhi. Alipewa miji mingi mpaka miji ikawaishia watoto. Mmoja alimpa choo cha shule, naye akakipokea kwa shukrani na kuuliza kama funguo anazo nani.

Kisha kiharusi kikaja. Kilimkuta anafunga kamba za viatu, kikamlaza upande wa kulia. Hospitali walimrudisha akiwa hai, na Bi Taa alishukuru kwa hilo kila alipoamka. Mguu ulirudi, pamoja na fimbo. Ulimi ulirudi, ingawa pembe ya kulia ya mdomo ilibaki imeshuka kidogo, kama pazia lililochomoka pete moja. Mkono ndio uliogoma. Ulikuwepo begani, una joto lake na kucha zake, lakini ulikuwa kama mgeni aliyejilaza na nguo za safari, hujui utaondoka lini wala utaamka lini. Mtaalamu wa mazoezi alimpa sponji ya kuminya. Aliiminya asubuhi na jioni bila kulalamika, na vidole vikafunga nusu ya njia, vikachoka.

Siku moja alijaribu kamera. Iliteleza, Bi Taa akaidaka kwa kanga aliyojifunga kiunoni, lenzi ikapona. Mzee aliifuta, akaitia kwenye mfuko wake wa kamera, akamwambia mkewe aipandishe juu ya kabati.

Ilikaa huko mpaka wiki hii, Mzee alipotangaza wakati wa chai kwamba Jumamosi Bwana Chapuchapu atakuja kuichukua. Huyu alikuwa mpiga picha mwenzake wa upande wa soko, mtu mwema, mwenye sifa moja tu kubwa: alikupiga picha kabla hujakaa. Mzee alisema anampa bure. Kamera ikilala, lenzi inaota ukungu, na yeye hataki kuiona inaoza juu ya kabati kama sufuria iliyotoboka. Bi Taa aliuliza kama ameshaamua. Akajibiwa ameshaamua. Akammenyea chungwa.

Lakini moyo wake haukukubali. Si kwamba aliitaka kamera. Alimtaka mtu aliyesimama nyuma yake: kiwiko kimetoka nje, pumzi imezuiwa, pua inavuma wimbo usio na mwanzo. Alitaka kusikia tena mtu akimwambia, mama, mwanga kidogo. Kumkumbuka mtu aliyesafiri kuna nafuu yake, maana utatazama barabara. Lakini kumkumbuka mtu aliyekaa kitini hapo hapo mbele yako, unayemtolea mbegu za chungwa, utatazama wapi?

Sasa, kamera ile ilikuwa na kasoro moja iliyojulikana: mpira wa mahali pa kushikia ulikuwa umeambuka zamani, pakabaki plastiki laini inayoteleza. Bi Taa akalala na hilo kichwani. Akafikiri, kumbe pengine si mkono uliomwangusha mzee wangu, ni pale pa kushikia. Apate mshikio mzuri, atashika. Kesho yake akaitoa kamera juu ya kabati, akaifunga ndani ya taulo, akaaga kwamba anakwenda kununua uzi.

Duka la vifaa vya kamera lilikuwa ghorofani, juu ya duka la viatu, ngazi yake nyembamba inanuka ngozi mpya. Mwenye duka alikuwa mtu mkubwa wa mwili, na mama aliyekaa kwenye droo ya fedha alimwita Bonge bila kuficha, naye akaitika. Alimpa Bi Taa kiti, akaipokea kamera kwa adabu, akaigeuza, akapapasa pale palipoambuka.

Alimweleza kwamba kishikio cha orijino hatakipata. Kiwanda chenyewe kimeshaisahau kamera hii, kinatengeneza wajukuu zake. Vilivyopo ni vya kampuni nyingine, zinazotengeneza vishikio tu na hazijawahi kutengeneza kamera hata moja.

"Ndiyo kusema ni vya kambo," alisema Bi Taa.

Bonge alicheka, akasema vya kambo haswa, na kama ilivyo kwa walezi wa kambo, kuna wa kukupenda na kuna wa kukufinya, ndiyo maana lazima ujaribu mmoja mmoja. Akavipanga juu ya kioo cha kaunta. Kulikuwa na mkanda mpana wa ngozi unaopita juu ya mgongo wa mkono, ukiukandamiza kwenye kamera. Kulikuwa na kitako cha chuma kinachofungwa chini kwa skrubu, chenye ukuta mfupi wa kukumbatia vidole. Kulikuwa na kingine namna hiyo hiyo lakini cha mbao nyekundu, kimechongwa mabonde manne ya vidole, kimepigwa msasa mpaka kinang'aa kama punje ya kunde.

Bonge aliuliza mkono wenyewe uko wapi. Bi Taa akasema ni wa mume wake, mpiga picha, anasimama harusi nzima bila kukaa, ana vidole virefu, hapendi kitu kinachombana dole gumba. Alisema hivyo kwa ulimi mwepesi, yote kwa wakati uliopo. Habari ya kiharusi hakuitaja. Ilikuwa nyumbani kwake, kila chumba. Hakuona sababu ya kuipandisha ngazi na kuiketisha juu ya kaunta ya watu.

"Mkono wake mkubwa kiasi gani, mama?"

Akatazama huku na huku apate mfano. Macho yakatua juu ya mkono wa Bonge mwenyewe, uliolala juu ya kioo. Bi Taa akausogelea. Kisha akasema, "Kama huo."

Mama wa droo alisema leo Bonge amepata kazi ya kufaa. Basi wakajaribu. Bi Taa akawa anamfunga yule mtu mkanda, anamwambia funga vidole, fungua, geuza, inua mpaka kwenye jicho, na Bonge anatii kama mtoto anayepimwa sare. Mkanda wa ngozi aliukataa kwa kuwa kuuvaa kunataka mkono wa pili, na harusini mkono wa pili una kazi zake. Cha chuma alikikataa kwa ubaridi wake. Lakini kile cha mbao Bonge alipokikamata, vidole vikaingia kwenye mabonde yake kimoja kimoja, kiwiko kikatoka nje chenyewe, na Bi Taa, aliyekuwa ameshika kifundo cha mkono wa mtu asiyemjua, akahisi mshipa unapiga chini ya ngozi, imara, unafanya kazi. Hakuachia kwa haraka kama inavyopasa. Mama wa droo aliacha kutafuna. Bonge, aliyekuwa mtu wa kuona mambo, hakuutoa mkono wake. Alisubiri mpaka Bi Taa alipojikumbuka, akakohoa, akajifuta viganja kwenye kanga.

"Ni hiki," alisema.

Hata uzi alisahau kununua.

Nyumbani Mzee Tega alikuwa amekaa pembeni ya dirisha na sponji yake. Alipoliona taulo akajua. Hakugomba. Alimtazama mkewe akifunua, akaona kamera imevaa mti mwekundu, na Bi Taa akaona macho yake yamewaka kidogo, maana Mzee alipenda kitu kilichochongwa vizuri.

Walikuwa na namna yao ya kupeana kamera. Tangu wakiwa wapya, siku kamera ya kwanza ilipodondoka baina yao na wakala viazi vitupu mpaka walipopata nyingine, walikubaliana kwamba anayetoa haachii mpaka anayepokea atamke kuwa ameshika. Hata wakiwa wamenuniana, neno hilo lilitamkwa. Kulikuwa na siku nzima ambazo lilikuwa neno pekee lililopita baina yao. Basi Mzee akainuka, Bi Taa akasimama kulia kwake, lenzi ikitazama sakafu, akakiweka kile kishikio ndani ya kiganja, akavipeleka vidole kwenye mabonde yake kimoja kimoja. Akasubiri.

Vidole vilikunja nusu ya njia. Mabonde yalikuwa mapana. Kidole cha shahada kilifika, cha kati kilifika ncha tu, viwili vya mwisho vilibaki hewani, vinatetemeka kama vinatafuta ngazi gizani. Bi Taa hakuachia. Mzee hakutamka. Wakasimama hivyo, kamera katikati yao, mpaka mkono wa Bi Taa ukaanza kuuma.

Mzee alitazama kile kishikio, kisha akamtazama mkewe, kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko hasira.

"Umemnunulia yule mwingine," alisema.

Bi Taa alitaka kukana. Lakini alimwona tena mtu mkubwa wa dukani akiinua kiwiko, akajua kuwa siku nzima hakuwa amemchagulia huyu aliyesimama mbele yake kitu chochote. Alikuwa amekwenda kumtafuta mtu, akarudi na mti wenye nafasi ya vidole vyake.

"Mkono wake ulikuwa hivi hivi," alisema Bi Taa.

"Najua. Hata mimi ninamtafuta. Kila nikiamka ninamtuma achukue kikombe."

Akakaa chini taratibu. Bi Taa akaiweka kamera mezani, akakaa naye, wakawa wanatazama stuli isiyo na mtu. Mzee alimweleza jambo ambalo hakuwa amemweleza tangu atoke hospitali: kwamba anaona haya. Si haya mbele za watu, watu wanazoea. Anaona haya mbele ya mkewe, anavyomtazama. Bi Taa akisikia fimbo inakaribia, huinua uso upesi, halafu uso ule ule unashuka, kama mtu aliyekwenda kumpokea mgeni kituoni, na abiria aliyeteremka siye. Bi Taa alisema si kweli. Mzee akasema ni kweli, na hamlaumu, maana na yeye yuko pale pale kituoni.

Asubuhi yake ilikuwa Ijumaa. Bi Taa alipotoka uani akamkuta mumewe kitandani, ameshavaa shati, anapambana na kiatu. Tangu augue hakuwa ametoka ila kwenda kliniki. Alisema kishikio kile lazima kirudishwe, na kwamba safari hii wataupeleka mkono wenyewe, kuliko kutuma salamu zake.

Ngazi zile zilimpa tabu. Alipanda moja, akapumzika, akasifu viatu vya chini, akapanda nyingine. Bonge alipomwona Bi Taa akiingia na mzee mwenye fimbo alisimama, na mama wa droo akatoa kiti chake mwenyewe.

Bi Taa alianza kueleza, maneno yakagongana. Mumewe akamgusa bega. Akaketi, akaupakata mkono wa kulia mapajani, akamtazama mwenye duka.

"Kitendawili."

Bonge alishtuka kidogo, lakini kuna mambo ambayo mtu hujibu kabla hajafikiri. "Tega."

"Nina mapacha. Mmoja amelala, nimemwita mpaka nimechoka. Wa pili yuko macho, lakini hajafundishwa kazi."

Bonge alikunja kipaji. Aliitazama fimbo, imeshikwa na mkono wa kushoto. Aliutazama ule wa kulia. Bi Taa akauona uso wake unavyokaribia, unakaribia, ukafika. Bonge hakutoa mji, wala hakutaja jibu. Alimgeukia Bi Taa, akamwuliza polepole mbona jana hakumwambia, angemwonyesha vitu vingine kabisa.

"Jana sikuja naye," alisema Bi Taa.

Bonge akavuta ngazi ya mbao, akapanda mpaka rafu ya juu, akashuka na maboksi yenye vumbi. Alieleza akiyafungua. Kamera zote, kiwanda kiwe chochote, kitufe cha kupigia kimewekwa upande wa kulia, kama vile aliyeziunda hakuwahi kukutana na mtu mwenye shida. Viwanda havitakuja kuwasaidia watu wa kushoto. Lakini hawa wa kambo wamefikiri. Akatoa mpini, sawa na ule wa drili ya fundi seremala, unaosimama chini ya kamera, unafungwa kwenye tundu lile lile la stendi. Mbele una kifyatulio cha kidole, na waya mfupi unapanda kuingia kwenye tundu la ubavuni mwa kamera. Unaushika kwa mkono wowote Mungu aliokuachia.

Mzee Tega aliupokea kwa kushoto. Hapo ndipo uchaguzi wenyewe ulipoanza, na Bi Taa akakaa pembeni, mikono mapajani, akiona kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa mume wake akiwa mgumu wa kuridhika.

Wa kwanza ulikuwa wa plastiki, mwepesi, wa kupendeza macho. Walipofunga kamera na lenzi yake juu, ukapinda shingo kama kuku mwenye usingizi. Akaurudisha. Wa pili ulikuwa wa chuma, imara, lakini ncha ya waya wake haikuingia kwenye tundu. Bonge akajaribu waya mwingine, ukaingia. Mzee akainua. Kamera ikapanda mpaka kwenye jicho, ikayumba, ikatulia. Akafyatua. Ikalia mara moja. Akafyatua tena, akatikisa kichwa.

Alisema huu haujui kusubiri. Bonge hakuelewa. Mzee akamwonyesha: kidole kikigusa tu, picha imeshapigwa. Kitufe cha kamera yenyewe kina vituo viwili. Ukibonyeza nusu, kamera inamtambua mtu na kumngoja, ukimalizia, inampiga. Yeye maisha yake yote ameishi pale nusu. Huu umetengenezewa Chapuchapu.

Mama wa droo, aliyekuwa anamfahamu Chapuchapu, alicheka mpaka akafuta macho.

Chini ya boksi la mwisho kulikuwa na mpini ambao Bonge karibu aone haya kuutoa. Umevimba, umevishwa sponji nyeusi kama mpini wa baiskeli ya mtoto, na jina la kampuni limefutika. Mzee akaufunga, akauinua. Akaweka kidole, akabonyeza nusu. Kamera ikanong'ona, ikatulia, ikangoja. Aliiacha ingoje. Chumba kizima kikangoja pamoja nayo. Kisha akamalizia.

Alisema ni mbaya sana wa sura. Alisema atauchukua. Cha mbao kikarudi kwenye kaunta, na Bi Taa akakipitishia dole gumba kwenye lile bonde la kwanza kabla Bonge hajakirudisha kwenye boksi lake.

Jumamosi Bwana Chapuchapu alifika mapema, kama ilivyo tabia yake, akiwa na mfuko wa kamera mtupu mabegani na maneno ya kumfariji mgonjwa yaliyopangwa tayari. Alianza kuyasema mlangoni. Mzee Tega akamkaribisha, akamwambia akae. Viti vya kukalia wageni vilikuwa vimesogezwa, kilichobaki kilikuwa stuli.

"Kaka, mimi nimekuja kukupunguzia mzigo tu," alisema Chapuchapu, huku anakaa. "Sikuja kupigwa picha."

"Kaa hivyo hivyo, ndugu yangu. Mzigo utaupunguza."

Bi Taa aliichukua kamera akaenda kulia kwa mumewe, mahali pake. Akanyoosha mikono kumpa, akakuta mkono unaopokea hauko pale. Uko ng'ambo. Akazunguka. Kushoto hapakuwa na nafasi. Pazia lilimgusa mgongo, mguu wa stendi ukamkwaza, na ilimbidi aisogeze meza ya unga wa uso kwa nyonga. Akampa, akasikia neno lao, akaachia, akaishika taa kutoka upande ambao hajawahi kusimama tangu studio ile ifunguliwe.

Mzee akatega. Chapuchapu akajibu kabla hajamaliza, jibu si lake, akataja lingine, nalo si lake, na picha ya kwanza ikatoka imeegemea, nusu ya kichwa chake iko nje. Chapuchapu alipoonyeshwa alisema hajawahi kujiona amepungua kiasi hicho, hata mama watoto wake angefurahi. Wakacheka wote, na Bi Taa aliusikia wasiwasi wake mwenyewe ndani ya kicheko.

Mzee akarekebisha miguu. Akaiegemeza fimbo kwenye paja. Mkono wa kulia, ule uliolala, akauinua kwa bega lake mpaka ukagusa lenzi kwa chini, ukakaa hapo, si kwa kushika, kwa kuwapo.

"Kitendawili."

"Tega."

"Nimekuja na mfuko mtupu, nitaondoka na mfuko mtupu, lakini kitu changu kimebaki."

Chapuchapu alifungua mdomo, akaufunga. Hili halikuwa la kukimbilia. Aliutazama mfuko wake sakafuni.

Kamera ilinong'ona, ikangoja. Bi Taa akageuza macho kwa mumewe, kuona kama anadumu. Kutoka hapa kushoto hapakuwa na mdomo ulioshuka, wala shavu lililolegea. Kulikuwa na jicho moja limefinywa, mkunjo wa kando yake, sharubu zilizosimama sawa, pumzi iliyozuiwa, na kiwiko kimetoka nje. Pua ilivuma. Ni yeye. Hakuwa amekwenda popote. Alikuwa amekaa upande huu wa uso, muda wote, na yeye Bi Taa amekuwa akimngojea upande wa pili. Kivuli cha mwavuli kikaanza kucheza ukutani.

"Mama," alisema Mzee bila kutoa jicho, kwa sauti ya chini. "Mwanga."

Akaishika taa kwa mikono miwili, akabana viwiko mbavuni. Kivuli kikasimama. Juu ya stuli, uso wa Chapuchapu ulikuwa unakaribia kujua.

Picha ikapigwa.

"Ni mimi," alisema Chapuchapu taratibu, pengine neno la kwanza la taratibu maishani mwake. "Kilichobaki ni uso wangu. Na kamera hunipi." Akatikisa kichwa, akaokota mfuko, akaukunja mara mbili, akautia kwapani. Alisema wacha aende, lakini picha ile Mzee aisafishe vizuri, ataitundika dukani kwake awaonyeshe watu kwamba na yeye aliwahi kutulia.

Mlango ulipofungwa, Bi Taa alikuwa bado amesimama kushoto, pazia mgongoni, taa inawaka bure. Alijua akitaka anaweza kubaki pale, asizunguke tena. Mzee Tega alishusha kamera, akahema, akamgeukia ili ampe. Uso wake ukaja wote pamoja, ule uliobaki na ule ulioshuka, na Bi Taa, aliyekuwa akiutazama, hakuyahamisha macho.